Migomo ya Mijini na Kaskazini Iliyofungwa

Kulamawe, kituo cha wafugaji wa Kiborana kilichoko mashariki mwa mji wa Isiolo kwenye barabara ya Garba Tulla, hakikuwa na bandari, reli wala kiwanda, na kwa hiyo hakitajwi katika masimulizi ya migomo iliyoitikisa serikali ya kikoloni ya Kenya. Hata hivyo historia hiyo haikamiliki bila kaskazini, kwa kuwa huko ndiko baadhi ya waliotiwa kizuizini walikopelekwa.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, kuanzia makuli wa bandarini hadi watumishi wa majumbani, walianza mgomo mkuu, yaani mgomo unaovuka mipaka ya kazi moja na mwajiri mmoja, wakawa wakikutana katika Kiwanja cha Maskini kujadili ujira na ughali wa maisha. Mgomo wa kundi moja ungeweza kusubiriwa uishe, lakini mgomo wa mji mzima uliilazimu serikali kuunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na nyongeza ya ujira iliyotolewa ikawa ni kukiri hadharani kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli. Mwezi Agosti mwaka huo kiongozi wa wafanyakazi hao, Chege Kibachia, alikamatwa na kuzuiliwa Kabarnet.

Nairobi ilifuata. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa, na mgomo uliozuka ukadai waachiliwe, hivi kwamba ugomvi wa ujira ukageuka kuwa swali la nani ana haki ya kutawala. Makhan Singh alizuiliwa hadi 1961 katika vituo vya kaskazini vya Lokitaung, Maralal na Dol Dol.

Kaskazini ilifaa kwa kuwazuilia watu kwa sababu ilikuwa imekwisha kufungwa: sheria ya wilaya za pembezoni ya 1926 ilimtaka mgeni awe na kibali cha kuingia, nayo mifugo ya wenyeji iliwekewa karantini kabla ya kufika soko la kusini. Dhuluma iliyowapata wenyeji hawa ilikuwa nzito zaidi, kwani mgomo humpa nguvu yule ambaye kazi yake inahitajiwa na mtawala, ilhali mfugaji wa Kulamawe hakuwa na kazi ya kuigomea serikali. Uhuru wenyewe haukumfungulia njia: sheria za hali ya hatari zilizowekwa kaskazini mwishoni mwa 1963 zilidumu, Isiolo ikiwemo, hadi 1991.