Asili ya Mtu wa Karatasi

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax wa Wisconsin na Dave Arneson wa Minnesota, ulitoka mwaka 1974 ukiwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 tu. Wachezaji huketi mezani. Mmoja wao huwa msimamizi, akasimulia nchi ya mazimwi na wachawi. Kila mmoja wa waliobaki huigiza mtu wake, na dadu huamua yaliyo magumu. Mtu wa mwaka ule alikuwa na tarakimu sita za nguvu, akili na mengineyo, na vipande vya dhahabu vya kununulia silaha. Alikuwa mpiganaji, mchawi au kasisi, basi. Alikotoka hakuna aliyeuliza. Wala si ajabu, kwani wengi wao walikufa siku ya kwanza, na nani atajisumbua kumtungia ukoo mtu atakayezikwa kabla ya chakula cha usiku?

Asili iliingia polepole, tena kwa mlango wa kazi. Mwaka 1977 ulitoka Traveller, mchezo wa safari za angani, ambamo mchezaji hurusha dadu kupitia miaka ya utumishi wa mhusika wake, na mhusika aliweza kufa hata kabla mchezo haujaanza! Mwaka 1979 Gygax naye aliweka jedwali katika kitabu cha wasimamizi: rusha dadu, na mtu wako aliwahi kuwa mkulima, mvuvi au mwashi. Waingereza wakafuata mwaka 1986 na Warhammer, ambamo shujaa angeweza kuanza maisha akiwa mtega panya mwenye kijibwa kikali. Huyo nampenda kuliko wafalme wote wa michezo hii.

Lakini ni toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons lililoifanya asili kuwa sehemu rasmi ya kila mhusika. Kitabu kilitoa asili 13, miongoni mwao baharia, mtawa wa upwekeni na mtoto wa mitaani. Kila asili ilikuja na ujuzi wa aina mbili, vifaa, na haki moja ya pekee. Baharia, kwa mfano, aliweza kupata safari ya bure chomboni kwa ajili yake na wenzake. Tena ilikuja na kifungo, yaani mtu au kitu ambacho mhusika hawezi kukipa kisogo. Na kitabu kikaruhusu mtu ajitungie asili yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mpwa wangu, aliyezaliwa na kukulia Minnesota, alinipigia simu akitaka mhusika wake atoke pwani kama ya kwetu. Baharia wa kitabuni hakumtosha. Nikamweleza habari za babu yake mzaa mama, baba yangu, aliyekuwa mkalafati Nungwi: fundi wa kuziba nafasi baina ya mbao za jahazi kwa pamba na mafuta, mpaka maji yakose pa kupitia. Alikuwa hajapata kulisikia neno hilo. Aliniuliza kuhusu babu yake usiku ule maswali ambayo hakuwahi kuniuliza miaka yote.

Tulibishana jambo moja tu. Yeye alitaka mhusika awe yatima, kijiji kimechomwa moto, hana mtu duniani. Wachezaji wengi hufanya hivyo, na sababu yake naielewa: asiye na mtu hana wa kumdai, basi yuko huru kwenda kupigana na mazimwi. Mimi nimeishi ughaibuni miaka mingi na sijapata kukutana na mtu huyo. Hata aliyekimbia vita ana namba ya simu ya shangazi.

Kwa hiyo tulimtungia mkalafati aliye hai na watu wake walio hai. Haki yake ni hii: penye vyombo vya mbao hupewa kazi na pa kulala. Lakini lazima akague chombo cha mwenyeji wake na kusema kweli aliyoiona, hata kama nahodha hataki kuisikia. Kifungo chake ni nyundo na patasi za mwalimu wake, ambazo amelipia nusu tu ya bei.

Toleo la mwaka 2024 limeziondoa haki za namna hiyo. Sasa asili ndiyo huongeza zile tarakimu za nguvu na akili. Ni hesabu safi, ila mimi na mpwa wangu tumebaki na kitabu cha zamani.

Jioni ya tatu ya mchezo, msimamizi alimleta yule fundi mzee bandarini kudai nusu yake. Mpwa wangu akatoka nje ya chumba kunipigia simu. "Mjomba, mtu mzima anaombwaje muda zaidi?" Nikamwambia aanze na shikamoo.