Maadili ya Walio Chini: Historia ya Mafunzo ya Mwenendo katika Migodi ya Shaba ya Katanga

Kampuni kubwa za madini za siku hizi huwa na mwongozo wa maadili, yaani hati inayomweleza mfanyakazi yale anayoruhusiwa na yale anayokatazwa kutenda, kuanzia hongo na wizi hadi uzembe unaohatarisha maisha, na huwa pia na idara ya kusimamia utii wa sheria, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba hati hiyo inafahamika na kufuatwa. Wengi hudhani kwamba utaratibu huu ni mgeni kabisa barani Afrika. Hata hivyo, katika ukanda wa shaba wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, jitihada za kampuni za kumfundisha mfanyakazi mwenendo unaotakiwa zina umri wa karibu karne moja, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilitolewa kwa Kiswahili. Anayeifuatilia historia hiyo hukutana mara kwa mara na kasoro ileile: maadili yalihubiriwa kwa walio chini, ilhali waliokuwa juu hawakuwajibika kwa yeyote kati ya wale waliowahubiria.

Shaba ya Katanga ilichimbwa na kuyeyushwa na wenyeji karne nyingi kabla ya ukoloni, na misalaba midogo iliyotengenezwa kwa madini hayo ilitumika kama fedha katika eneo pana la Afrika ya kati. Katika karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara wa asili ya Unyamwezi, alisimamisha dola ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya, akaiunganisha nchi hiyo na pwani ya Bahari ya Hindi kwa njia za misafara, ambazo pia zilikipeleka Kiswahili katika maeneo hayo. Baada ya Msiri kuuawa mwezi Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ardhi na madini yake viliingia mikononi mwa kampuni za Kizungu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kampuni likaanza kutoa shaba.

Tangu mwanzo wa uchimbaji huo kampuni ilikabiliwa na tatizo la watu na la lugha kwa pamoja. Wafanyakazi waliandikishwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye kutoka Kasai, Lomami na hata Ruanda-Urundi, hivyo kambi moja ikakusanya watu wasioelewana. Mwanzoni msimamizi Mzungu alitumia lugha ya mchanganyiko iliyotoka katika migodi ya Afrika ya Kusini, lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maofisa wa Kibelgiji, waliohofia nguvu ya Waingereza katika jimbo hilo, waliona ni heri Kiswahili kiwe lugha ya kazi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichunguza kwa kina historia hiyo, ameonyesha kwamba vitabu vidogo vya Kiswahili walivyoandikiwa Wazungu wa wakati huo vilijaa sentensi za kuamrisha. Mzungu alifundishwa namna ya kutuma, kukataza na kukaripia, na hakufundishwa kwa kiasi hichohicho namna ya kuuliza na kusikiliza jibu. Uhusiano wa kampuni na watu wake ulijionyesha wazi katika sarufi hiyo.

Amri peke yake haikutosha, kwa kuwa miaka ya mwanzo ilikuwa ya maradhi, vifo na utoro, na kumleta mfanyakazi mpya kila baada ya miezi michache kuligharimu fedha nyingi. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilishika sera iliyoitwa ya kuwatuliza wafanyakazi, maana yake kuwapa mikataba ya miaka mitatu, kuwaruhusu waishi na wake na watoto wao kambini, na kuwapatia nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Sera hiyo, ambayo daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa wasimamizi wake wakuu, iliyageuza maisha yote ya kambini kuwa darasa la mwenendo. Mkuu wa kambi aliangalia usafi wa nyumba na amani ya ndoa, muuguzi alimfundisha mama namna ya kumlea mtoto, mwalimu na padri walisisitiza kiasi, bidii na utiifu, na yote hayo yalihesabiwa kuwa ni maslahi ya kampuni. Haiwezekani kukana kwamba afya iliimarika na kwamba watoto wengi walipata elimu. Mafunzo hayo yalifika kwa sababu yalitolewa kwa lugha inayoeleweka, na watu waliofahamika, kila siku na mahali pote. Upungufu wake ulikuwa kwamba hayakuwa na mlango wa kurudishia jibu, kwani mfanyakazi Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama wala kujadiliana na mwajiri wake kuhusu mshahara.

Matokeo ya upungufu huo yalidhihirika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambapo migodi ilitakiwa kutoa shaba zaidi kwa ajili ya nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani, huku bei za bidhaa zikipanda kupita mishahara. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza, na tarehe 9 ya mwezi huo askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Serikali ilikiri kwamba makumi ya watu waliuawa, na hesabu za wengine ni kubwa zaidi. Kampuni iliyokuwa imejipambanua kama mzazi wa wafanyakazi wake ilishindwa kuwasikiliza, na kushindwa huko kuligharimu maisha ya watu.

Baada ya vita njia za kuzungumza zilipanuliwa kidogo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika chini ya uangalizi mkali, na mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake, Mwana Shaba, lililowapelekea wafanyakazi na familia zao habari za kazi, michezo na maisha ya nyumbani pamoja na mawaidha. Gazeti hilo lilikuwa hatua mbele kuliko kitabu cha amri, lakini bado lilikuwa sauti ya kampuni. Sauti ya upande wa pili ilisikika mwaka 1965, wakati chama cha watumishi wa zamani wa majumbani kilipotoa historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji huo, ambamo waliowatumikia Wazungu waliwapima mabwana zao kwa kipimo cha haki. Lugha iliyotumiwa kuamrisha ilikuwa tangu zamani lugha ya kufikiri na kuhukumu; waliokuwa na mamlaka ndio waliokosa masikio ya kuisikia.

Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na shirika lililorithi migodi yake, ambalo baadaye liliitwa Gécamines, lilirithi pia kambi, posho, shule na hata gazeti. Lilirithi vilevile mtindo wa kuwadai walio chini uaminifu ambao walio juu hawakuuonyesha. Chini ya utawala wa Rais Mobutu mapato ya shaba yalitumika kuukidhi utawala badala ya kuitunza mitambo, mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulianguka hadi chini ya tani 50,000 katikati ya mwongo uliofuata. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Hata kabla ya hapo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amewaelezea wafanyakazi wa migodi hiyo kuwa ni watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na maelezo hayo ni ya haki, kwa kuwa waliotii kanuni zote hawakulindwa na kanuni hata moja.

Wakati huohuo sheria za nchi za nje zilianza kumgeukia mkubwa. Marekani ilipitisha mwaka 1977 sheria inayokataza kuwahonga maofisa wa nchi za kigeni, na Uingereza ilitunga yake mwaka 2010, ambayo inaiadhibu kampuni inayoshindwa kuzuia hongo isipokuwa ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha, mafunzo kwa wafanyakazi yakiwa miongoni mwa taratibu hizo. Ndiyo maana miongozo ya maadili imeenea migodini. Lakini mwaka 2022 kampuni ya Glencore, yenye migodi ya shaba na kobalti karibu na Kolwezi, ilikiri hatia mbele ya mahakama ya Marekani kwa njama ya kuwahonga maofisa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwa mojawapo, na mwezi Desemba wa mwaka huo ikakubali kuilipa serikali ya Kongo dola milioni 180. Hongo ya namna hiyo haitolewi na mchimbaji wala na mlinzi wa lango, ingawa hao ndio ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa wanahitaji kufundishwa maadili.

Kwa hiyo kampuni inayotaka mwongozo wake uaminiwe katika Katanga ya leo haina budi kuanza na wakurugenzi, kisha kuueleza kwa Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi na Kolwezi, kwa kinywa cha watu wanaoheshimika kazini. Juu ya yote, imlinde mfanyakazi anayetoa taarifa ya uovu wa mkubwa wake kwa uthabiti uleule inaoutumia kumwadhibu anayeiba nyaya. Maadili yasiyomfunga anayeyatangaza ni nidhamu tu, na Katanga imekwisha kulipa gharama ya kuchanganya mambo hayo mawili.