Uyoga Ulao Samaki

Kwetu Mlalo, Usambara, mvua ikishapiga siku tatu nne, watoto huingia msituni na kurudi na uyoga ndani ya jani la mgomba. Bibi huupokea, huugeuza, hutazama chini ya kofia. Swali lake ni moja: huu unaliwa? Akiwa na shaka, shimoni.

Nililikumbuka swali hilo mpwa wangu aliponipigia kutoka Muscat, anakouza samaki wa mapambo na matangi ya maji ya chumvi. Wateja wake wengi asili yao Unguja na Pemba. "Mjomba, naandika vibao kwa Kiswahili. Hivi viumbe Wazungu wanaviita uyoga. Niandikeje?"

"Uyoga wa bahari," nikamjibu upesi. Usiku usingizi ukakataa.

Kwanza, si uyoga. Ni mnyama, mwenye mdomo katikati ya sahani yake ya nyama. Nimwite tumbawe? Mtu wa pwani akisikia tumbawe huona jiwe. Kuta za Lamu na Kilwa zimesimama kwa jiwe hilo. Viumbe wale wa mpwa, Discosoma, Rhodactis na ndugu zao, hawana kiunzi cha chokaa hata chembe. Marijani tuwaachie washairi na masonara. Yupo mwingine anayeitwa uyoga, Fungia, mgumu kweli, amejaa vigawanyo vyembamba vya chokaa kama uyoga uliopinduliwa. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la uyoga, ingawa sikio la Mswahili litasikia fungu la mchanga, kama Fungu Yasini nje ya Dar es Salaam.

Majina ya kufananisha tunayajua sisi wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka Ujerumani ua dogo la misitu yetu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha, yaani lenye maua kama ya urujuani. Dunia nzima ikaliita urujuani wa Afrika, na si urujuani. Lakini ua lile halijamdhuru mtu kwa kuitwa vibaya.

Kati ya hawa wa tangini, wapo wanaodhuru. Discosoma na Ricordea wadogo hukaa na visamaki bila ugomvi. Rhodactis akishakuwa mkubwa, mimi nisingemwamini. Ila Amplexidiscus fenestrafer ndiye hasa: upana wake hupita sentimita 30, na karibu na ukingo ana ukanda mtupu usio na vidole. Samaki akijilaza juu yake, kingo huinuka taratibu, hukutana juu kama mdomo wa mfuko unaokazwa kamba, na aliyemo hatoki. Kumwita huyu uyoga ni kumfanya mteja aulize kama unaliwa, wakati la kuuliza ni kama unakula.

Nikampigia mpwa alfajiri. Wadogo wabaki uyoga wa bahari, sina ugomvi tena. Mkubwa mwandike dema. Samaki huingia kwa hiari yake, kutoka hawezi. Mvuvi yeyote ataelewa bila kamusi.

Wiki iliyofuata mzee mmoja wa Kipemba alikisoma kibao, akainama kwenye kioo, akauliza: "Dema bila chambo? Chambo chake nini?"

"Malazi, mzee," mpwa akamjibu.