Pepo Akipanda Jukwaani

Huku kwetu Katumba Songwe ukitaja abasyuka, yaani marehemu wa ukoo, watu wazima hushusha sauti. Sisi vijana tunaoandika tunasema eti hayo ni mambo ya wazee, tunakimbilia mapenzi ya Dar. Mimi naona tunaikimbia mali yetu wenyewe.

Chukua tamthilia ya Kiyahudi iitwayo The Dybbuk. Dybbuk ni roho ya mfu inayomwingia mtu aliye hai na kusema kwa kinywa chake. Mle ndani kijana fukara anakufa aliposikia mpenziwe kaposwa na mwingine. Siku ya arusi roho yake inampanda bibi arusi.

Mtunzi, S. An-sky, hakuyatunga hayo mezani, bwana. Tangu 1912 hadi 1914 alizunguka vijiji na miji midogo ya Wayahudi, sehemu ambazo leo ziko Ukraine, akiuliza wazee. Safari ya kwanza alifuatana na mwanamuziki Joel Engel, wakinasa nyimbo kwa mashine. An-sky alifariki tarehe 8 Novemba 1920. Mwezi mmoja baadaye tamthilia ikachezwa Warsaw. Mwaka 1922 kikundi cha Habima kikaicheza Moscow, muziki ni wa Engel, aliochota katika nyimbo za watu. Mambo ya kutisha yale yakaimbwa na kuchezwa mbele ya umati.

Na kwetu je? Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa kwa wazee kuuliza habari za Maji Maji. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile, habari za mtu wa Ngarambe aliyepandwa na Hongo, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Hussein hakunakili tu. Alimtia Kinjeketile wake mashaka: je, maneno yale ni ya Hongo au ni yangu? Hapo ndipo masimulizi yanapogeuka sanaa.

Lakini bila masimulizi hakuna cha kugeuza. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Wanazi waliwaua Wayahudi wengi wa vijiji vile. Sehemu ya sauti zilizonaswa bado imehifadhiwa Kyiv, waimbaji hawapo.

Basi mwandishi mwenzangu, wa Kyela au wa Kariakoo, bibi yako bado anakumbuka nyimbo za matanga. Nenda na daftari. Muulize uliimbwa lini, nani alianzisha, nani alikatazwa kuusikia. Mashaka yako utayatia baadaye.