Chuma Kilichovishwa Sukari: Historia ya Dripu ya Kuongeza Damu

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 za chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya himoglobini. Akiba hiyo ikiisha, mgonjwa huhema kwa kazi ndogo, viganja vikapauka, na ukivuta kope ya chini unaona weupe palipopaswa kuwa pekundu.

Dawa ya kumeza ilitangulia sana. Katika miaka ya 1830 daktari Mfaransa Pierre Blaud alijulikana kwa vidonge vya salfati ya chuma, na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki leo ni vya ukoo huohuo. Taabu yake ni kwamba utumbo hupokea kiasi kidogo tu cha kilichomezwa, na wengi huacha dawa njiani kwa kichefuchefu au kufunga choo.

Huko Marekani, mwaka 1932, watafiti Heath, Strauss na Castle waliwadunga wagonjwa chuma wakaonyesha kuwa himoglobini hupanda kwa kadiri ya chuma kilichoingia mwilini. Faida ilithibitishwa, lakini dozi iliyovumilika ilikuwa ndogo mno: chuma kikitembea huru ndani ya damu ni sumu. Kuanzia hapo historia ya tiba hii ni historia ya vazi. Chuma kilipaswa kufunikwa kwa sukari ya namna fulani, kisafiri salama hadi kwenye seli za ini, wengu na uboho, nazo zikifungue polepole.

Mwaka 1947 mtafiti Nissim alieleza chuma kilichofungwa kwa sukari ya kawaida na kutiwa mshipani. Kilifanya kazi, ila dawa ikivuja nje ya mshipa ilichoma vibaya. Mwaka 1954 ikaja dekstrani ya chuma, yaani chuma kilichovishwa sukari iitwayo dekstrani, dawa ya rangi ya kahawia iliyokolea, iliyodungwa kwanza kwenye msuli wa tako. Muuguzi alivuta ngozi upande mmoja, akachoma, akasubiri kidogo, kisha akaiachia ili tundu lizibwe. Bila hivyo dawa ilirudi juu na kuacha doa lililodumu muda mrefu. Mwaka 1959 mtafiti Richmond aliripoti saratani kwa panya waliodungwa dozi kubwa za dawa hiyo, na hofu ikatanda.

Dozi yote ya dekstrani ya chuma iliweza pia kutolewa mshipani kwa dripu moja. Hesabu ya dozi ya Ganzoni ya mwaka 1970 bado inatumika: uzito wa mgonjwa mara upungufu wa himoglobini mara 2.4, kisha jumlisha miligramu 500 za akiba. Mwanamke wa kilo 60 mwenye himoglobini ya gramu 8 kwa desilita, anayetakiwa kufika 15, anahitaji takriban miligramu 1,500. Lakini mwaka 1980 mtafiti Hamstra na wenzake waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 481, watatu walipata athari za ghafla zilizohatarisha maisha. Kosa lilikuwa la vazi, yaani dekstrani, lakini lawama ikaangukia kila chuma cha mshipani, na hilo liliwanyima tiba wagonjwa wengi walioihitaji kweli.

Wagonjwa wa figo ndio walioirudisha. Homoni ya erithropoietini, inayochochea uboho kutengeneza damu na ambayo figo zao hazikuitoa ya kutosha, iliidhinishwa Marekani mwaka 1989, na uboho uliochochewa nayo ulimaliza chuma haraka kuliko vidonge vilivyoweza kuleta. Glukonati ya chuma iliidhinishwa huko mwaka 1999, na sukrosi ya chuma mwaka 2000. Zote zilikuwa salama zaidi, ila dozi zake ndogo zilimrudisha mgonjwa hospitali mara kwa mara. Kaboksimaltosi ya chuma, iliyoingia Ulaya mwaka 2007, hushika chuma kwa nguvu kiasi kwamba miligramu 1,000 huingia kwa dakika 15, ingawa inaweza kushusha fosfati ya damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliijaribu dawa hiyo nchini Tanzania kwa wanawake waliojifungua wakiwa na upungufu wa damu: baada ya wiki sita, waliorudi kwenye himoglobini ya kawaida walikuwa wengi zaidi upande wa dripu kuliko upande wa vidonge.