Rangi ya Kigari

Mpwa wangu alipofikisha mwaka mmoja nilimnunulia kigari chekundu, shilingi mia moja hamsini. Kufika Jumapili, rangi ya mbele ilikuwa imeisha. Iko wapi? Si tumboni mwake.

Hapo ndipo nikaanza kusoma habari za madini ya risasi, yanayoharibu ubongo wa mtoto polepole.

Agosti 2007 kampuni ya Mattel, Marekani, iliwaomba wazazi warudishe vitu vya kuchezea karibu milioni 1.5 vilivyotoka Uchina, manake rangi yake ilishukiwa kuwa na risasi. Zhang Shuhong, mmoja wa wakuu wa kiwanda kilichovitengeneza, alijiua mwezi huohuo. Na kumbe Marekani ilikuwa imeweka kiwango cha risasi kwenye rangi tangu 1978! Kilichokosekana ni lazima ya kupima. Hiyo ilikuja na sheria ya 2008: maabara huru ipime kabla bidhaa haijauzwa.

Kwetu, tangu 2005 KEBS inataka mizigo ikaguliwe huko inakotoka, ifike Mombasa na cheti. Sawa. Lakini cheti ni cha kontena. Kigari changu kilitoka kwa gunia la mchuuzi, hakina jina la kiwanda wala tarehe. Mattel ilijua imeuza nini, ikaweza kuviita virudi. Hiki nani atakiita?

Nimekifunga kwa karatasi, kiko juu ya kabati. Nikikitupa, mtoto mwingine atakiokota.