Riali, pauni na shilingi: Mshahara wa ughaibuni unanunua nini dukani?

Na Mwandishi Wetu

KIJANA wa Kitanzania akiahidiwa kazi mjini Doha kwa mshahara wa riali 1,000 kwa mwezi, jambo la kwanza wanalofanya yeye na ndugu zake ni kuigeuza fedha hiyo kuwa shilingi. Jibu wanalolipata, karibu laki saba, huwapendeza. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma hapa nchini, kilipopandishwa Julai 2025 kutoka Sh370,000, kilifika Sh500,000.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu iliyobaki inahusu mahali fedha inapotumika: inanunua nini dukani, kwa kipimo kipi, na nani analipia chumba cha kulala.

Makala haya yanalinganisha mishahara ya chini ya kisheria, maduka ya kila siku na sehemu za kutembelea siku ya mapumziko katika nchi kadhaa, hususan zile ambako wenzetu wa Afrika Mashariki huenda kutafuta maisha.

Tuanze na majirani. Nchini Uganda, kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 za nchi hiyo kwa mwezi, fedha ambayo leo haifikii dola 2 za Marekani. Mwaka 2019 Bunge la huko lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, lakini Rais Yoweri Museveni hakuuridhia. Kwa hiyo, anayesema kwamba Uganda ina kima cha chini cha mshahara anasema kweli, ila hajakusaidia kitu.

Kinyume chake ni Denmark na Sweden. Nchi hizo hazina kabisa sheria ya kima cha chini. Mishahara hupangwa kwa makubaliano kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na ni miongoni mwa mishahara mizuri duniani.

Kenya ilipandisha viwango vyake kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024. Kwa viwango hivyo, kibarua asiye na ujuzi maalumu jijini Nairobi alipaswa kulipwa si chini ya Sh16,113.75 za Kenya kwa mwezi bila kuhesabu posho ya nyumba, yaani takriban dola 125. Humo hukatwa asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za gharama nafuu na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, mbali na akiba ya uzeeni.

Uingereza, ambako sheria ya kima cha chini ilianza kutumika Aprili 1999 kwa pauni 3.60 kwa saa, kiwango kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilifika pauni 12.21 Aprili 2025. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki kwa kiwango hicho hupata kama pauni 2,100 kwa mwezi. Baada ya kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa, hubaki na pauni 1,800 hivi.

Ndugu yake aliyeko Mbagala akiisikia pauni 1,800 huona nyumba ya bati jipya na shamba la ekari tano. Aliyeko London huona kwanza kodi ya chumba. Chumba kimoja katika nyumba ya kuchangia na wengine kinaweza kumeza nusu ya fedha hiyo kabla hajanunua mkate. Akitaka kuangalia televisheni nyumbani analazimika kuwa na leseni yake, ambayo Aprili 2025 ilifika pauni 174.50 kwa mwaka.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mpangaji wa Dar es Salaam angelitamani. Nchini Uingereza kodi hulipwa kwa mwezi, na tangu mwaka 2019 sheria inamzuia mwenye nyumba wa kawaida kudai dhamana inayozidi kodi ya wiki tano. Hapa kwetu mpangaji huombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye mshahara wa laki tano analazimika kukopa ili apate mlango wa kufunga usiku, na deni hilo humla mwaka mzima.

Marekani inashangaza zaidi. Kiwango cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Mhudumu wa hoteli anayetegemea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri wake dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 1991. Kilichopungua hujazwa na wateja, na bakshishi isipotosha mwajiri hutakiwa kufidia hadi ifike 7.25. Majimbo mengi yamejiwekea viwango vya juu zaidi. California ilikuwa dola 16.50 mwaka 2025. Mgeni anapoambiwa mshahara wa Marekani hana budi kuuliza ni jimbo gani.

Sasa twende dukani, ambako ndiko mambo yanakojipambanua.

Katika mitaa ya Dar es Salaam, mwenye kipato cha kila siku hununua kwa Mangi, jina ambalo asili yake ni cheo cha mtawala wa Kichaga na ambalo sasa huitwa mwenye duka yeyote, hata akiwa si Mchaga. Hapo mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe, sukari huuzwa robo kilo na sigara huuzwa moja moja. Jirani yake kwenye genge, nyanya hupangwa kwa mafungu. Wakenya wamekipa kipimo hicho kidogo jina linalokifaa: kadogo.

Uzuri wa kadogo ni kwamba hamna anayefukuzwa. Ubaya wake ni bei. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kilo ya sukari ni Sh3,000 na robo ni Sh800. Anayenunua robo nne kwa siku nne amelipa Sh3,200. Sh200 si fedha ya kupigia kelele, lakini mpishi ananunua pia mafuta, unga, sabuni na mkaa kwa mtindo huo huo siku 30 za mwezi. Mwenye kipato kidogo ndiye hununua kwa bei kubwa.

Haitakuwa haki kumlaumu Mangi. Yeye hufungua alfajiri na kufunga usiku, yuko hatua chache kutoka mlangoni, na ana daftari la madeni ambalo halitozi riba. Hakuna duka kubwa lenye kiyoyozi litakaloandika jina lako na kukungoja hadi mwisho wa mwezi. Tena maduka makubwa yenyewe hayana uhakika wa kudumu: Nakumatt, iliyokuwa fahari ya Wakenya na ikafika hadi Dar es Salaam, ilikwisha kabisa mwaka 2020 baada ya kuelemewa na madeni.

Wengi hudhani kadogo ni jambo la Afrika peke yake. Sivyo. Nchini Marekani yapo maduka ya aina ya Dollar Tree, ambayo kwa zaidi ya miaka 30 yaliuza karibu kila kitu kwa dola 1, hadi mwishoni mwa mwaka 2021 bei hiyo ilipopandishwa kuwa dola 1.25. Siri ya bei hiyo kwa bidhaa nyingi ni pakiti ndogo. Mnunuzi mwenye dola chache mfukoni hupata anachohitaji leo, na akipiga hesabu ya kilo hukuta amelipa zaidi ya aliyekwenda na gari kununua mfuko mkubwa. Isitoshe, katika majimbo mengi bei iliyobandikwa si bei ya mwisho. Kodi ya mauzo huongezwa mtu akifika kwa mhasibu.

Ulaya wana dawa ndogo ya tatizo hilo. Nchini Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria hulitaka duka lionyeshe kwenye rafu bei ya kilo au ya lita pembeni ya bei ya pakiti. Mnunuzi anaona kwa macho yake kwamba pakiti ndogo ni ghali. Si kwamba kuona kunampa fedha ya kununua kubwa, lakini angalau hadanganyiki.

Ujerumani ina mambo yake. Kima cha chini, kilichoanza Januari 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, kilifika euro 13.90 Januari 2026. Maduka ya Aldi, yaliyokua kutoka duka moja la familia mjini Essen, yalijenga jina kwa kuuza bidhaa chache, mara nyingi zikiwa bado ndani ya maboksi yake, ili bei iwe chini. Mgeni asisahau kwamba Jumapili karibu maduka yote hufungwa. Mapumziko ya siku hiyo yanalindwa na katiba.

Jingine la Ujerumani ni dhamana ya chupa. Kila chupa ya plastiki au kopo la kinywaji la kutupwa hutozwa senti 25, ambazo hurudishwa ukiipeleka kwenye mashine dukani. Ndiyo maana katika stesheni za Berlin na Hamburg huonekana wazee waliostaafu, wamevaa nadhifu, wakichungulia mapipa ya taka. Chupa 56 ni euro 14, zaidi kidogo ya ujira wa saa moja. Nchi tajiri nayo ina watu ambao fedha ya mwezi haifiki mwezi.

Lakini mfano unaoeleza yote kwa ufupi uko Geneva, Uswisi. Wapiga kura wa jimbo hilo waliidhinisha Septemba 2020 kima cha chini cha faranga 23 kwa saa, kimojawapo cha vya juu kabisa duniani. Pamoja na hayo, wakazi wake wengi huvuka mpaka kwenda Ufaransa kununua nyama, jibini na mahitaji mengine, kwa kuwa upande wao ni ghali mno. Januari 2025 serikali ya Uswisi ilipunguza thamani ya bidhaa ambazo mtu anaweza kuingiza bila kodi kwa siku, kutoka faranga 300 hadi 150. Wenye mishahara mikubwa wanahesabiwa nyama mpakani.

Turudi Doha kwa yule kijana wetu. Qatar iliweka kima cha chini cha riali 1,000 kuanzia Machi 2021, kikiwahusu wafanyakazi wa mataifa yote, wakiwamo wa majumbani, jambo ambalo halikuwa limefanyika katika nchi nyingine za Ghuba. Oman, kwa mfano, ina kima cha riali 325 za nchi hiyo tangu 2013, lakini ni kwa raia wake tu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sheria hiyo ya Qatar ina sehemu tatu. Mwajiri asiyetoa malazi anatakiwa kuongeza riali 500, na asiyetoa chakula aongeze 300. Riali 1,000 pamoja na kitanda na sahani ni mshahara ambao karibu wote unaweza kutumwa nyumbani. Riali 1,000 zile zile bila malazi wala chakula ni kinyume cha sheria, na ni umaskini. Wakala anayetaja namba moja tu hajamaliza kusema, na mkataba usomwe kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka. Kwa mfanyakazi wa nyumbani, sheria ya mwaka 2017 ya nchi hiyo inataka pia kazi isizidi saa 10 kwa siku na siku moja ya mapumziko kila wiki.

Na siku hiyo ya mapumziko, mwenye mshahara mdogo ataona nini? Hapa miji mikubwa ina ukarimu usiotarajiwa. London, ambayo kodi yake ya chumba tumeitaja, haitozi kiingilio kwenye maonyesho ya kudumu ya British Museum. Washington, makumbusho ya Smithsonian na bustani ya wanyama ni bure. Mpagazi na balozi huingia mlango mmoja.

Paris imechukua njia nyingine. Tangu Januari 2026 jumba la Louvre humtoza mgeni anayetoka nje ya eneo la uchumi la Ulaya euro 32, ilhali wa ndani ya eneo hilo hulipa 22. Mtindo huo tunaufahamu. Mbuga zetu na za Kenya zimekuwa na bei ya mwenyeji na bei ya mgeni miaka yote, na Taj Mahal nchini India humtoza Mhindi rupia 50 na mgeni 1,100. Wazungu waliolalamika kwenye malango ya Serengeti sasa wana la kutafakari.

Dubai huenda watu kwa ajili ya Burj Khalifa, jengo la meta 828 lililofunguliwa Januari 2010, na kupanda juu yake kunalipiwa vizuri. Vibarua wa jiji hilo wana chao: mashua za mbao ziitwazo abra, zinazovusha watu kwenye hori la mji wa kale kati ya Deira na Bur Dubai. Kwa miaka mingi nauli yake imekuwa dirham 1, na mandhari yanayoonekana humo hayapungui kwa mtu aliyekaa karibu na mwenye fedha.

Msafiri wa Dar es Salaam hatakosa kukikumbuka kivuko cha Kigamboni, ambacho nauli yake ya mtembea kwa miguu ilipandishwa kutoka Sh100 hadi Sh200 mwaka 2012 na kuzua mzozo mkubwa. Ng'ambo hiyo, Jumapili jioni, familia hushuka na watoto, zikatandika kanga mchangani na kufungua chakula walichopika nyumbani.